Ayubu wa Sagalla na Fasihi Yetu ya Pwani

Ndugu msomaji, nianze kwa kukiri kosa. Mimi ni mwalimu wa fasihi, Mwislamu mzawa wa Mombasa, na kazi hii nimeifanya kwa miaka mingi. Siku moja nilikuwa darasani nikiwasomesha vijana riwaya ya Ngugi wa Thiong'o iitwayo A Grain of Wheat, iliyotoka mwaka 1967. Kijana mmoja akaniuliza kwa nini mwandishi amekipa kitabu chake jina la punje ya ngano. Bila ya kusita nikamjibu kwamba Wakikuyu ni wakulima, na kitabu chenyewe kinahusu ardhi, basi jina limefuata hapo.

Kijana mwengine, Mtaita, akanyanyua mkono kwa adabu. Akaeleza kwamba punje hiyo imo katika Injili ya Yohana na tena katika barua ya Paulo kwa Wakorintho. Ni mfano wa mbegu inayofukiwa na kufa ili ipate kuzaa. Mwandishi ameitumia kwa habari ya wale waliokufa ili nchi ipate Uhuru.

Darasa zima likanitazama. Nilimshukuru yule kijana, lakini moyoni niliona haya. Nilikuwa nimekisoma kitabu kile mara nyingi na mlango wake wa mbele sikuwa nimeuona. Kihika, shujaa wa riwaya, hatengani na Biblia yake, na sehemu za kitabu zimetanguliwa na maneno ya Biblia ambayo mengine ameyapigia mstari yeye mwenyewe. Mugo, aliyemsaliti, watu wanamdhania ni mkombozi mfano wa Nabii Musa, mpaka siku anaposimama mbele ya umati na kukiri alilolitenda. Vipi utamfundisha mtoto habari hizo ikiwa hujui Musa wa Taurati amesimuliwa vipi, na msaliti wa Injili ni nani?

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Basi niliazimia kuuliza, na wa kumwuliza nilikuwa naye ndani ya ukoo wangu mwenyewe.

MJOMBA ANAITA

Marehemu mama yangu alizaliwa Sagalla, ule mlima unaouona kusini ukiwa Voi. Alizaliwa katika nyumba ya Kikristo, akaolewa Mombasa, akasilimu, akaishi na kufa katika Uislamu. Mwenyezi Mungu amrehemu. Babu yangu, baba yake, hakuridhika na jambo hilo, na kwa miaka mingi njia ya Sagalla na Mombasa ilikuwa kama imeota majani. Aliyebaki akija kutuona ni mjomba, kaka yake mama, mwalimu wa shule ya msingi na msomaji wa kanisa. Akija Mombasa hufikia kwetu, na mama akimpikia wali wa nazi, nao wakizungumza Kisagalla mpaka usiku.

Muda si mrefu baada ya kisa cha darasani, mjomba alinipigia simu. Macho yake yalikuwa yamekufa kwa maradhi ya presha ya macho. Mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki mwaka uliopita. Akaniambia, "Mwanangu, nina kitabu nataka kusomewa. Watoto wa hapa wanasoma, lakini Kiswahili cha kitabu hiki kinawashinda. Wewe hakitakushinda."

Nikapanda gari la moshi mpaka Voi, na kutoka Voi nikachukua matatu mpaka huko. Chini ya mlima wakulima wengine wamezungushia mashamba yao uzio wa mizinga ya nyuki, maana ndovu wa Tsavo huogopa nyuki. Shamba la mjomba halina mizinga. Misimu miwili mfululizo mahindi yake yalikuwa yameliwa na ndovu.

Nilimkuta amekaa barazani. Nikamwamkia, "Shikamoo, mjomba." Akaitika, "Marahaba, mwanangu," akanishika uso kwa mikono miwili kama anayeusoma. Kabla sijamwuliza mahali pa kuswali, akamwita mjukuu wake aniletee mkeka safi. Akasema, "Mamako alikuwa akiswali pale, akielekea ule mwembe." Nikatazama, na kweli mwembe ulikuwa upande wa kaskazini, upande wa kibla. Kumbe mama alikuwa akija huku baada ya babu kufariki, nasi watoto hatukuambiwa.

KIMVITA KILICHOPANDA MLIMANI

Kitabu chenyewe kilikuwa kimefungwa kwa kitambaa. Kilikuwa ni Biblia ya Kiswahili cha Kimvita, ile iliyotimia mwaka 1914, mali ya babu. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watoto wa Sagalla kiliwashinda. Kimvita ni lugha ya wanaosema ndia kwa njia na nti kwa nchi. Ni lugha ya bibi yangu mzaa baba, aliyekuwa akinisimulia visa vya Mitume ukutani mwa Mji wa Kale. Mimi niliyekuwa na wasiwasi wa kukifungua kitabu kile, sentensi ya kwanza tu niliyoisoma niliisikia kwa sauti ya bibi.

Ndugu msomaji, jambo hili si la ajabu ukiijua historia yake. Mjerumani Johann Ludwig Krapf aliwasili Mombasa mwaka 1844. Mwaka huo huo, mwezi wa Juni, alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Aliyemsaidia alikuwa ni Mwislamu, Sheikh Ali bin Muhyiddin, mwenye asili ya Barawa, mwanachuoni aliyekuwa kadhi. Sheikh hakuacha dini yake kwa kufanya hivyo. Alimsaidia mgeni kuyapata maneno, na maneno aliyokuwa nayo ni yale ya watu wa pwani: nabii, malaika, imani, dhambi, rehema, baraka, sadaka, shetani. Hata neno msalaba na neno kanisa yamekuja kwetu kutoka Kiarabu.

Krapf huyo huyo alizichukua nakala za mashairi yetu yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, akazipeleka Ujerumani. Miongoni mwake ulikuwamo Utenzi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728 na Bwana Mwengo wa Athman. Baada yake akaja Mwingereza William Ernest Taylor, ambaye alishiriki katika kutafsiri maandiko kwa Kimvita, na ambaye pia aliyakusanya mashairi ya Muyaka bin Haji kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka 1890. Kwa hiyo mkono ulioandika Biblia ya Kimvita na mkono ulioyahifadhi mashairi ya Muyaka ulikuwa ni mmoja, na nyuma ya mkono huo walikuwapo walimu wa Kiislamu.

Sagalla nayo ina nafasi yake. Mwaka 1883 Joseph Alfred Wray wa Jumuiya ya Misheni ya Kanisa la Kiingereza alifika mlimani hapo, akafungua kituo cha kwanza cha jumuiya hiyo katika Utaita. Hakupokewa kwa vigelegele, na muda mfupi baadaye ikaingia njaa kubwa ya miaka ya 1884 na 1885 ambayo Wataita wanaiita Mwakisenge. Mwaka 1894 alichapisha kitabu cha kuanzia lugha ya Kitaita. Lakini Wasagalla ni watu wachache. Mjomba alinieleza kwamba katika utoto wake maandiko waliyasikia zaidi kwa Kiswahili. "Tuliomba kwa lugha ya pwani," akasema. "Nyinyi mkafikiri tumejitenga nanyi."

AYUBU WAWILI

Nilimwuliza asomewe wapi. Akajibu, "Ayubu."

Nikafurahi, nikasema huyu namjua. Nani kati yetu asiyemjua Nabii Ayubu (A.S.)? Tangu utoto tumeambiwa tuwe na subira ya Ayubu. Tumesimuliwa habari za mkewe, Bibi Rahma, aliyeuza nywele zake apate mkate wa kumlisha mumewe mgonjwa. Washairi wetu wamemtungia Utenzi wa Ayubu, ambao Alice Werner aliuchapisha London katika miaka ya mwanzo ya 1920. Ayubu wetu hupoteza mali, watoto na afya, na ulimi wake haukauki kwa kumtaja Mola wake.

Basi nikaanza kusoma. Milango miwili ya mwanzo ilikwenda nilivyotarajia. Kufika mlango wa tatu nikasita, maana Ayubu alikuwa anailaani siku aliyozaliwa. Nikasoma tena, nikidhani nimekosea. Mjomba akasema, "Endelea." Nikaendelea. Kitabu kile kina milango 42, na sehemu yake kubwa ni Ayubu anabishana: anabishana na rafiki zake waliokuja kumpa pole kisha wakamhukumu kwamba lazima alitenda dhambi, na anamtaka Mungu Mwenyewe amjibu. Mwisho anajibiwa kutoka ndani ya tufani, naye hunyamaza.

Nilisoma siku mbili, asubuhi na baada ya alasiri. Mara nyingine mjomba alitikisa kichwa. Mara moja machozi yalimtoka, nami nikajifanya sikuona.

Tulipomaliza nilimwambia kweli yangu. Nilimwambia kwamba sisi Waislamu hatuwezi kumsema Nabii hivyo. Mitume kwetu wamehifadhiwa, na Ayubu wa Qurani ni kielelezo cha subira. Hakukasirika. Akasema, "Najua. Mamako alinieleza. Siku mke wangu alipokufa alikuwa yeye mwenyewe mgonjwa, lakini alinipigia simu, akanisimulia Ayubu wenu, yule anayenyamaza. Ulikuwa ni usiku mmoja nikalala usingizi. Lakini usiku wa pili, mwanangu, nilihitaji mtu wa kulia naye. Ndiyo nikamkumbuka huyu."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekwenda Sagalla kama mwalimu anayetaka kujaza pengo la somo lake. Mzee kipofu ambaye ndovu wamemmalizia chakula alikuwa amenifundisha kitabu hufanya kazi gani.

KATIKA VITABU VYETU

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta nyayo za maandiko hayo katika fasihi, na nimeziona kila mahali. Chukua kisa cha Yusuf. Katika Taurati vazi lake linabaki mkononi mwa mwanamke, na vazi hilo ndilo linalotumiwa kumtia gerezani. Katika Qurani, Sura ya 12, kanzu imechanika kwa nyuma, na mchaniko huo ndio unaomwonyesha kuwa hana hatia. Ni nguo ile ile, na katika kisa kimoja inamshitaki, katika cha pili inamtetea. Kutokana na kisa hicho Jami wa Uajemi, katika karne ya 15, alitunga shairi lake mashuhuri la Yusuf na Zulekha. Mjerumani Thomas Mann aliandika riwaya ya vitabu vinne kati ya mwaka 1933 na 1943. Na washairi wa pwani wakatunga tenzi zilizosomwa majumbani na akina mama.

Mtazame pia Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma na Mkristo, aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969. Alitunga Utenzi wa Enjili Takatifu uliotoka mwaka 1963, na Utenzi wa Zaburi mwaka 1965. Alizichukua habari za kanisani akazitia katika mizani minane na vina vya utenzi, umbo lililolelewa na Waislamu wa Lamu, Pate na Mombasa kwa kusimulia vita na maisha ya Mtume (S.A.W.). Sheikh Ali alimpa Krapf maneno, nasi tukampa Mnyampala bahari ya kuogelea.

Euphrase Kezilahabi naye aliita riwaya yake ya mwaka 1971 Rosa Mistika. Jina hilo ni moja ya sifa ambazo Wakatoliki humwita Bibi Maryamu katika dua zao, maana yake ni waridi la siri. Asiyelijua hilo ataisoma habari ya yule binti aliyelelewa kwa ukali akaharibikiwa, lakini uchungu wa jina alilopewa hautamfikia.

Wala usidhani ni vitabu tu. Tazama gazeti. Mtu akigongwa na gari barabarani tutaandika kwamba aliokolewa na wasamaria wema. Msamaria huyo ametoka katika Injili ya Luka, katika mfano wa mgeni aliyemhudumia majeruhi ambaye watu wa dini walimpita. Kijana akirudi nyumbani baada ya kufuja mali tunamwita mwana mpotevu, naye ametoka katika Injili hiyo hiyo. Mkubwa akikwepa lawama tunasema amenawa mikono, kama Pilato. Kwa upande wa pili, hata Mkristo akimwona mtu dhalimu atamwita firauni, kwa matamshi ya Qurani, ingawa Biblia yake imeandika Farao. Biblia iliyochapishwa mwaka 1952, inayotumika sana hadi leo, imewaandika Ibrahimu, Musa na Yusufu karibu kama tunavyowatamka sisi, ikawaandika Yohana na Yona ambao sisi twawaita Yahya na Yunus. Lugha yetu imekuwa baraza moja yenye milango miwili.

HOFU NA HAKI YAKE

Najua wako wasomaji watakaonikunjia uso. Hofu yao ina haki yake. Tunaamini kwamba Taurati, Zaburi na Injili ziliteremshwa kweli, na tunaamini kwamba mikono ya watu imeingia ndani yake. Tena historia ya mapadri katika nchi hizi si ya ushairi mtupu. Walikuja na nia yao, na baadhi ya jamaa zetu waligawanyika kwa sababu hiyo. Mimi mwenyewe ni mtoto wa nyumba iliyogawanyika.

Lakini wanachuoni wetu wa zamani hawakuvikimbia vitabu hivyo. Bukhari amepokea mafunzo ya Mtume (S.A.W.) kwamba yanayosimuliwa na Watu wa Kitabu tusiyasadiki wala tusiyakadhibishe, na kwamba kuzisimulia habari za Wana wa Israili hakuna ubaya. Zaid bin Thabit aliamrishwa ajifunze maandishi ya Mayahudi, akajifunza. Wafasiri wa Qurani walizijaza tafsiri zao habari walizoziita Israiliyati, wakazipima, wengine wakazikubali na wengine wakazikosoa. Huwezi kukosoa usichokisoma. Nao wenzetu wamekisoma chetu: Padri Godfrey Dale wa Zanzibar alitoa tafsiri ya Qurani kwa Kiswahili mwaka 1923. Nia yake haikuwa kutufurahisha, lakini alisoma, na masheikh wakaona haja ya kuandika wenyewe, mpaka mwaka 1969 Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy akatupatia tafsiri yake kamili ambayo bado iko majumbani mwetu.

Kwa hiyo ninalolisema ni dogo. Mtoto na asome chuo chake kwanza, akijue vyema. Kisha atakapofika kwenye fasihi, asifichwe vitabu ambavyo waandishi wa Afrika Mashariki wamevinywa pamoja na maziwa ya mama zao. Aelezwe wazi: hivi ndivyo sisi tunavyomjua Issa (A.S.), hivi ndivyo wao wanavyosimulia, na mwandishi huyu amesimama hapa. Mwanafunzi wa namna hiyo imani yake haitapotea, na mtihani wake hautapotea pia. Zaidi ya hayo, ataweza kukaa na jirani yake siku ya msiba na kujua analilia nini.

Asubuhi niliyoondoka Sagalla, mjomba alinitaka nifungue ukurasa wa mwanzo wa kile kitabu. Hapo babu alikuwa ameandika majina ya watoto wake na siku zao za kuzaliwa. Jina la ubatizo la mama lilikuwa limekatwa kwa wino mweusi. Chini yake, kwa mkono mwengine, limeandikwa jina lake la Kiislamu.

Nikamwuliza mjomba nani aliliandika. Akasema, "Mimi. Lakini babako mkubwa ndiye aliyenituma, mwaka aliokufa. Macho yake yalikuwa yameshaharibika kama yangu haya. Aliniuliza dada yako anaitwaje siku hizi, nikamwambia. Akasema, andika."

Nimerudi darasani, na kile kitabu cha Ngugi nimekisomesha upya. Kwenda Sagalla bado nakwenda. Tumemaliza Ayubu, na sasa mjomba anataka Zaburi. Ziko 150, nami nimemwambia mwenye umri ndiye Mungu. Wallahu aalam.